Kibanda cha Dead Lane: ardhi ambayo Shakespeare hakuweza kuirithisha kwa kalamu yake

Tarehe 28 Septemba 1602 nyumba ndogo iliyoko mjini Stratford-upon-Avon ilitoka kwa Walter Getley ikaelekea kwa William Shakespeare, na kati ya hao wawili hakuna aliyefika mahali shughuli ilipofanyika. Getley aliwakilishwa na Thomas Tibbottes mdogo. Kwa upande wa Shakespeare hatajwi mtu yeyote. Hata msimamizi mkuu wa mahakama, John Huggeford, hakukalia kiti chake. Alikikalia naibu wake, Henry Michell. Mahakama yenyewe ilikuwa ya Anne, mjane wa Earl wa Warwick, na jina lake ndilo lililoandikwa juu ya hati.

Wanaosimulia mali za Shakespeare hukimbilia jumba lake kubwa la New Place alilolinunua mwaka 1597, au kile kitanda cha daraja la pili alichomwachia mkewe katika wosia. Mimi naona kibanda hiki cha Getley, chenye kiwanja cha robo ekari, kinaeleza ardhi ya Kiingereza ya zama zile kuliko jumba na kitanda vikiwekwa pamoja. Shakespeare alikipata, akaandikishwa kuwa ndiye mshika ardhi, akakitolea kodi, na bado siku ya kufa ikikaribia akalazimika kumwahidi binti yake pesa ili kiende kule alikotaka kiende.

Kwanza tuelewane juu ya mahali. Kibanda kilikuwa katika kichochoro kilichoitwa Walker Street au Dead Lane, na ambacho leo ni Chapel Lane, upande wa pili wa bustani ya New Place. Ungefungua lango la bustani ungekiona. Mtu aliyekwisha nunua jumba kubwa hupenda kujua ni nani anayeishi mkabala naye, na sioni haja ya kutafuta sababu nyingine. Lakini ardhi ya kibanda haikuhesabiwa na mji wa Stratford. Ilikuwa sehemu ya manori ya Rowington, ambayo kijiji chake kiko kaskazini, mwendo wa kilomita kama 15, karibu na mji wa Warwick. Manori haikuwa mduara uliochorwa kwenye ramani. Ilikuwa furushi la haki: kodi za hapa, mashamba ya pale, vibanda viwili vitatu katika mji wa watu wengine, na wote wenye kushika vipande hivyo walikuwa chini ya mwinyi mmoja, mahakama moja na desturi moja. Rowington ilikuwa mali ya watawa wa Reading hadi Henry wa Nane alipovunja nyumba zao, na baadaye ikaja mikononi mwa Ambrose Dudley, Earl wa Warwick. Mjane wake akaishika baada yake.

Sasa tuisome hati. Imeandikwa kwa Kilatini, na inaanza kwa kutaja kwamba kikao ni cha namna mbili kwa pamoja. Cha kwanza ni kile cha kukagua amani ya mtaa, ambacho kwa asili ni mamlaka ya mfalme yaliyokabidhiwa kwa mwinyi: nani kapigana, nani kauza pombe kwa kipimo cha udanganyifu, nani hajazibua mtaro wake. Cha pili ni mahakama ya mwinyi mwenyewe, na humo ndimo ardhi ilimohama. Watu walewale, katika chumba kilekile, siku ileile, walitoka kwenye mambo ya mitaro wakaingia kwenye mambo ya urithi bila hata kubadili viti.

Kisha inakuja sentensi yenyewe. Getley, kupitia kwa Tibbottes, anakirejesha kibanda mikononi mwa bibi mwenye manori, kwa matumizi ya William Shakespeare na warithi wake daima, kwa kufuata desturi ya manori. Neno la kuangalia hapo ni kurejesha. Getley hakumpa Shakespeare chochote, kwa kuwa hakuwa na cha kumpa. Alichoweza kufanya ni kumrudishia mwenye ardhi, akisema tu kwamba ningependa apewe fulani. Ni kama mpangaji anayerudisha funguo kwa mwenye nyumba huku akimwonyesha kidole yule anayetaka kuingia. Mwenye ardhi naye, kwa mkono wa msimamizi wake, ndiye aliyempa mshika mpya. Katika manori nyingi walitumia fimbo: anayetoka anashika ncha na kuiachia, msimamizi anaipokea, kisha anayeingia anaishika. Ardhi ilipita kwenye fimbo hiyo kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo ilikuwa ya mwinyi peke yake.

Ndiyo maana hati inamalizia kwa maneno ambayo kwangu ni kiini cha kisa chote: kibanda kinabaki mikononi mwa bibi wa manori mpaka William Shakespeare atakapokuja kukichukua.

Tulinganishe na jambo la miezi mitano tu nyuma yake. Tarehe 1 Mei 1602 Shakespeare alinunua ekari 107 za shamba huko Old Stratford kutoka kwa William Combe na John Combe, kwa pauni 320. Siku ile pia hakuwapo, lakini hakuna kilichomsubiri. Hati ilitiwa muhuri ikakabidhiwa kwa ndugu yake Gilbert kwa niaba yake, na habari ikaishia hapo. Ile ilikuwa ardhi huru. Ingawa kisheria ardhi yote ya Uingereza ilitoka kwa mfalme, mwenye ardhi huru aliuza kwa hati yake na kwa sheria ya nchi nzima. Ndugu akipokea, umepokea. Kwa robo ekari ya Dead Lane mambo hayakwenda hivyo. Ekari 107 zilipita kwa siku moja kwa mkono wa Gilbert. Kibanda kilikaa kikimngoja mwenyewe aje, ama amtume mtu ambaye desturi ya Rowington ingemkubali.

Namna hii ya kushika ardhi ilipata jina lake kutokana na karatasi. Uamuzi uliandikwa katika gombo la mahakama, na gombo lilibaki kwa msimamizi. Mshika ardhi alipewa nakala ya mistari inayomhusu, na nakala hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake, kwa hiyo nitaiita ardhi ya nakala. Hati ya Septemba 1602 ni nakala ya aina hiyo: mwishoni Michell anasema ametia muhuri wake, kisha anaandika jina lake. Wala si muhuri wa bibi mwenye ardhi, wala wa Huggeford. Ni wa naibu.

Na hapo ndipo penye uhondo, kwenye hawa maofisa wadogo.

Msimamizi kwa kawaida alikuwa mtu mwenye kujua sheria, aliyeajiriwa na mwinyi kuendesha mahakama na kutunza magombo. Huggeford anatajwa kwa cheo cha mtu mwenye nembo ya ukoo, Michell kwa cheo cha muungwana. Nakala zilitolewa kwa ada, kwa hiyo kila ardhi ilipohama msimamizi alivuna chochote. Nguvu yake, hata hivyo, haikuwa katika ada. Aliyeshika gombo alishika kumbukumbu ya kijiji kizima, na mgogoro ukizuka miaka arobaini baadaye, ni maandishi ya kalamu yake au ya mtangulizi wake yatakayofunuliwa. Chini yake alikuwapo nyapara wa kukusanya kodi na faini, ambaye mara nyingi alikuwa mwenyeji aliyechaguliwa kwa zamu. Tena walikuwapo wapangaji walioapishwa, ambao walitangaza nani kafa, nani kauza, na desturi inasemaje. Hao hawakuwa mawakili. Walikuwa wakulima wanaojuana kwa majina ya ng'ombe wao.

Thomas Tibbottes mdogo ni wa kundi hilo. Hati inamwita mmoja wa washika ardhi wa kidesturi wa manori, na inasema aliapishwa juu ya ukweli wa jambo alilolileta. Nimesema alimwakilisha Getley, na hapa neno wakili linafaa kwa maana yake ya zamani, ile ya wakili katika ndoa: mtu anayesimama badala yako na kutamka maneno ambayo ungeyatamka wewe. Si kila mtu aliruhusiwa kusimama hivyo. Alitakiwa awe wa ndani, mwenye ardhi chini ya mwinyi huyohuyo, mtu ambaye akidanganya ana cha kupoteza mbele ya majirani. Mfumo mzima uliegemea hapo. Westminster, kule London zilikokaa mahakama kuu za nchi, ilikuwa mbali na hakuna ofisi ya ardhi ya taifa iliyokuwapo. Kilichothibitisha kwamba Getley kweli alitaka kukiachia kibanda chake ni kiapo cha jirani.

Shakespeare alikulia katika nyumba iliyoujua mfumo huu kwa ndani, japo wa mji wa Stratford wenyewe. Baba yake, John, anaonekana kwenye kumbukumbu kwa mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 1552, akitozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika samadi katika mtaa wa Henley. Walitozwa pamoja watu watatu, na mmoja wao alikuwa Adrian Quiney. Jina hilo lishike, litarudi. Mwaka 1556 mahakama ya mji iliandika kwamba John amepata nyumba mbili, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa muonja pombe, ofisa wa kuhakikisha mikate na pombe vina uzito na ubora uliotakiwa. Mwaka 1558 alikuwa konstebo. Mwaka 1559 alikuwa mkadiriaji, yaani mmoja wa wale walioamua faini iwe kiasi gani pale ambapo sheria haikuitaja. Mtozwa faini wa samadi akawa mpanga faini za wenzake. Sioni kejeli ndani yake. Maofisa walitoka miongoni mwa wale waliowahi kusimama upande wa pili wa meza, na kila mmoja alijua kwamba mwakani anaweza kurudi huko.

Lakini hapohapo Stratford uhusiano wa mwinyi na maofisa wa mji uliharibika kabisa. Manori ya Stratford ilikuwa ya Sir Edward Greville, na yeye na halmashauri ya mji waligombana juu ya haki za wenyeji, ikiwa ni pamoja na malisho ya pamoja. Mkuu wa mji mwaka ule wa 1602 alikuwa Richard Quiney, mtoto wa Adrian. Alikwenda kutuliza fujo iliyowahusisha watu wa Greville, akapigwa kichwani, na akazikwa siku ya mwisho ya Mei. Shakespeare alikuwa amenunua ekari zake 107 mwezi huohuo, na kabla mwaka haujafika mwisho Michell alikuwa anatia muhuri wa kibanda kule Rowington. Nayataja haya ili msomaji asidhani kwamba lugha tulivu ya Kilatini ilikuwa ndiyo hali ya maisha. Gombo la mahakama halipigi kelele, lakini watu wake walipiga.

Je, mshika ardhi ya nakala alikuwa na usalama gani? Maneno ya kisheria yalisema anashika kwa mapenzi ya mwinyi kwa kufuata desturi ya manori. Nusu ya kwanza inatisha, nusu ya pili inaokoa. Karne ya 16 ilipokuwa inaisha, mahakama za Westminster zilikuwa zimeshaanza kumlinda mwenye nakala hata dhidi ya mwinyi wake, ilimradi aweze kuonyesha desturi. Kwa hiyo mwinyi hakuweza kumtoa mtu kwa kutokumpenda. Alichobaki nacho kilikuwa kipato cha mlangoni: ada ya kuingia, ambayo kwetu ingeitwa kilemba, na katika manori nyingi haki ya kuchukua mnyama bora kabisa mshika ardhi anapofariki. Pale ambapo desturi haikuweka ukomo wa kilemba, mwinyi mwenye tamaa angeweza kumkamua mtu kwa kilemba chenyewe, na kesi nyingi za zama hizo zilihusu jambo hilohilo.

Kuhusu kibanda chetu, kodi ilikuwa shilingi 2 na peni 6 kwa mwaka. Tunaijua kutokana na uchunguzi uliofanywa tarehe 24 Oktoba 1604. Bibi Anne alikuwa amefariki mapema mwaka ule, manori ikarejea kwa mfalme, na mfalme James alitaka kujua amerudishiwa nini. Makarani wakaandika mshika baada ya mshika, na kati yao yumo William Shakespeare, kibanda kimoja na bustani moja, kwa makadirio robo ya ekari. Kwa hiyo baina ya Septemba 1602 na Oktoba 1604 kule kungoja kulikwisha na jina lake likaingia. Mtu ambaye tamthilia zake zilichezwa mbele ya mfalme huyo, akiwa katika kundi lililobeba jina la mfalme tangu 1603, sasa alikuwa pia mpangaji wa mfalme kwa shilingi 2 na nusu. Shilingi hiyo ndiyo iliyotuachia jina la fedha yetu, ingawa yao ilikuwa na peni 12.

Tuje kwenye wosia. Ulifanyiwa mabadiliko na kutiwa sahihi tarehe 25 Machi 1616, mwezi mmoja kabla ya kifo. Mwezi Februari binti yake wa pili, Judith, alikuwa ameolewa na Thomas Quiney, mtoto wa yule Richard aliyepigwa na mjukuu wa Adrian wa samadi. Siku moja baada ya sahihi ya wosia, Thomas alifikishwa mbele ya mahakama ya kanisa kwa kuzini na mwanamke mwingine, ambaye alikuwa amefariki kwa uzazi pamoja na mtoto. Baba mkwe alikuwa na kila sababu ya kufunga mafundo.

New Place, ekari za Old Stratford na ardhi nyingine huru zinakwenda kwa binti mkubwa, Susanna Hall, kwa maneno ya moja kwa moja: natoa, narithisha. Kwenye kibanda lugha inabadilika ghafla. Hakitolewi kwa mtu. Badala yake Judith anaachiwa pauni 100 za fungu lake la kuolewa, halafu pauni 50 nyingine kwa sharti: arejeshe, au atoe dhamana ya kutosha kwamba atarejesha, haki yote itakayomshukia baada ya kifo cha baba yake, au aliyonayo sasa, katika nyumba moja ya nakala iliyo Stratford chini ya manori ya Rowington, iwe ya Susanna na warithi wake daima.

Kwa nini asiseme tu nampa Susanna? Kwa sababu wosia haukuwa na nguvu hiyo. Sheria ya mwaka 1540 iliyoruhusu Waingereza kurithisha ardhi kwa wosia haikugusa ardhi ya nakala. Aliyetaka kuirithisha alipaswa kwanza kwenda, akiwa hai, na kuirejesha mikononi mwa mwinyi kwa matumizi ya wosia wake, ndipo mahakama impokee yule aliyetajwa. Bila hivyo ardhi ilifuata desturi ya manori, wosia useme utakavyo. Maneno ya sharti lile yanaonyesha mtu anayetarajia kwamba angalau sehemu ya haki itaangukia mahali asipopataka. Aliyekuwa na pesa za kununua ekari 107 kwa mkupuo hakuweza kuiamuru robo ekari iliyo mbele ya lango lake. Aliweza tu kumnunua aliyesimama njiani.

Kuna wanaoiona ile pauni 50 kuwa kipimo cha thamani ya kibanda. Sikubaliani nao. Nyumba ya kodi ya shilingi mbili na nusu haifikii hapo, ukizingatia kwamba hati ya mahakama ya kununulia New Place yenyewe inataja pauni 60, hata kama tarakimu katika hati za namna ile zilikuwa za kisheria zaidi kuliko bei halisi. Pauni 50 ni fungu la Judith mwenyewe, lililozuiliwa hadi aachie kilichohitajika. Baba hakuongeza kitu. Alifungia haki yake ndani ya sharti. Kwamba alifanya hivyo ili Susanna awe na mali yote iliyozunguka New Place bila mtu katikati, hilo linaeleweka. Ila ukikaa upande wa Judith, hesabu ni chungu.

Lipo jambo moja zaidi katika utaratibu huu, nalo linamhusu Judith kuliko mtu mwingine. Alikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu alipotaka kurejesha ardhi ya nakala, msimamizi alitakiwa kumwita kando, mbali na mumewe, na kumuuliza kama anafanya hivyo kwa hiari yake. Mahakama kubwa za Westminster zilikuwa na taratibu zao ngumu kwa jambo hilo; mahakama ya manori ililimaliza kwa watu wawili kuzungumza pembeni ya chumba. Judith hakuandika jina lake pale alipotakiwa kuwa shahidi. Mwaka 1611, katika hati ya Elizabeth Quiney, mjane wa Richard na mama mkwe wake wa baadaye, aliweka alama badala ya sahihi. Katika mahakama ya manori hilo halikuwa tatizo. Ardhi ilihama kwa neno la mdomo, pengine na kwa mkono kwenye fimbo, mbele ya majirani walioapishwa, na kalamu ilikuwa kazi ya msimamizi.